Salamu Isiyongoja Jibu

Karakana ya Vitabu,
Chumba cha mbele, nyumbani kwa Mama.
Jumamosi, baada ya Alasiri.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Assalamu alaykum. Baada ya kuyaandika maneno hayo nimeweka kalamu chini nikanywa maji, ili nawe huko uliko upate nafasi ya kujibu. Kama umeshajibu, tuendelee.

Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto wanalala vizuri, na yule mdogo ameacha kukohoa? Baridi ya huko imepungua, au bado mnatoka nje mmevaa nguo juu ya nguo kama kitunguu? Kazi ya ghalani inakwendaje, na mgongo wako je? Unakumbuka kukaa chini mchana, au bado unakula umesimama?

Sisi huku ni wazima kwa rehema za Mwenyezi Mungu, isipokuwa mmoja, na kwa ajili ya huyo mmoja ndiyo nimeshika kalamu. Nimeuliza hali yako kwanza, na nimeuliza kwa dhati, kwa sababu hata ninapotaka kukukaripia sijasahau nilivyolelewa. Sasa kaa vizuri.

Mama anaendelea. Mguu wa kushoto umefungwa plasta kutoka vidoleni hadi chini ya goti. Daktari amesema mfupa wa kifundo una ufa, si wa kutisha, ila kwa umri wake hataki mzaha, na amemkataza kabisa kuukanyagia. Analala chumbani kwake, mguu juu ya mto, tasbihi mkononi. Anakula kidogo mno. Anaswali kwa kukaa, na kila akitoa salamu ya mwisho ananiuliza kama swala ya kukaa inahesabiwa kamili. Namwambia kwamba mgonjwa huandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Ananitazama kama mteja anayekagua mshono.

Nilipokutumia ujumbe kutoka hospitali niliandika maneno machache tu, kwamba Mama ameteleza na tuko kwa daktari. Sikukueleza aliteleza vipi. Nilikuwa na hasira, na desturi yangu ni kuiacha hasira ipoe kabla sijaandika, kama gundi ya kuchemsha. Hii imekataa kupoa, basi naitumia ikiwa moto.

Nyumba unaikumbuka. Chumba cha mbele ndiyo karakana: meza ndefu ya kushonea vitabu, shinikizo la chuma la marehemu Baba la kubania vitabu, na kisu kikubwa cha kukatia karatasi, ambacho siku hizi ni cha umeme. Ukivuka pazia unaingia korido. Upande mmoja stoo ya ngozi na gundi, upande wa pili bafu, na mwisho kabisa chumba cha Mama. Anayetaka gundi, uzi au maji ya kunawa hana njia nyingine. Na tangu tukiwa watoto, hakuna aliyeingia korido ile bila kusimama kwenye pazia, akatoa salamu, akangoja. Mama hujibu. Akiwa anakunja karatasi hujibu huku anakunja, akiwa jikoni hujibu kutoka jikoni. Asipojibu, unajua yuko kwenye swala, unatulia mpaka umsikie. Ndipo unapita.

Hatukuwahi kuita jambo hilo tahadhari. Tuliita adabu. Lakini hebu litazame vizuri. Kutwa nzima watu wanapita, na kutwa nzima nyumba inajua kwamba Mama yupo, yu mzima, na kwamba sauti yake leo ni safi au ina mafua. Hakuna aliyepewa kazi ya kumchunga, na yeye hakuwahi kujiona amechungwa. Alijiona amesalimiwa. Mimi nikitafuta baraka ya salamu katika nyumba hii, sina haja ya kuitafuta mbali. Ilikuwa inapita mbele ya pazia letu kila siku.

Ndipo kikaja kisanduku chako.

Sikatai kwamba ulikituma kwa mapenzi. Cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni, kina jicho linalohisi mtu akipita, na spika ambayo, kusema haki, nguvu zake ni kubwa kuliko umbo lake. Aliyekigandisha ukutani, kando ya pazia, ni mkata karatasi wetu, yule tunayemwita Sentimita kwa sababu hata sukari ya chai anaipima kwa jicho moja. Tukapita mbele yake, kikatusalimia. Wala si kwa sauti ya kiwandani. Kwa sauti yako. "Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ingia kwa mguu wa kulia, na useme Bismillahi."

Mama alitoka akasimama mlangoni kwake, mkono kifuani. Akaijibu salamu yote, hadi wabarakatuh. Halafu akaniambia, "Hebu pita tena."

Nikapita tena. Nilipita mpaka Sentimita akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Siku za mwanzo tulicheka. Sentimita akitoka stoo na kopo la gundi anasema, "Huyu ndugu yenu kanisalimia mara tatu, na mimi nimefuata gundi tu. Hata mkwe wangu hajawahi kunipenda hivi."

"Mkwe wako anakujua," akamjibu binti anayetushonea vitabu, bila kuinua macho kwenye sindano.

Kicheko kilipokwisha, nikaanza kuona jambo lisilochekesha. Watu waliacha kutoa salamu. Si kwa ubaya. Mtu akifika kwenye pazia, salamu imeshatolewa, tena ndefu kuliko yake, tena na mafundisho ya mguu wa kulia. Atoe nyingine ya nini? Mteja anacheka, anakijibu kisanduku, anapita. Na kwa kuwa hakusalimia yeye, hana jibu analolingoja. Anapita mbele ya chumba cha Mama kama anayepita mbele ya kabati.

Mama peke yake ndiye hakuacha. Alijibu kila salamu iliyotoka ukutani. Paka akipita, Mama anajibu. Pazia likipepea, Mama anajibu. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni mashine. Mashine haina salamu ya kujibiwa." Akasema, "Mashine haina. Mwanangu anayo." Sauti yake ikaanza kukwaruza. Akawa anakunywa maji ya moto na asali ili aweze kukuitikia.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimepeleka vitabu vya shule tulivyomaliza kuvijalidi na kuvitia majalada mapya. Sentimita na binti walikuwa mbele, kisu cha umeme kinanguruma. Mama aliingia bafuni kutawadha. Nikukumbushe ninachojua unakijua: mle ndani mtu hatamki jina la Mwenyezi Mungu, basi hata salamu haijibu. Upepo ukapeperusha pazia. Nawe, kutoka ukutani, ukamsalimia.

Hakuwa na ruhusa ya kukujibu akiwa mle, na hakutaka salamu ya mwanawe ikae bila jibu. Akatoka mbio, Kitinda. Mwanamke yule ambaye kila asubuhi kabla hatujafungua huinama kuokota vipande vya karatasi kwenye korido ili mtu asiteleze, na husema kuondoa kero njiani ni sadaka isiyohitaji mfuko, alitoka mbio na miguu iliyolowa juu ya saruji iliyosuguliwa, kwenda kulijibu pazia.

Sentimita anasema alisikia sauti yake huko nyuma. Hakushtuka, alijua Mama anajibu salamu kama kawaida. Na hakukosea. Alikuwa anajibu. Pazia lilikuwa linaendelea kupepea. Kila lilipopepea ulimsalimia, na kila ulipomsalimia, yeye pale chini, mguu umepinda, alikujibu. Katikati ya majibu aliita watu. Lakini mtu aliyekatika pumzi hawezi kushindana na spika yako.

Aliyemkuta ni jirani yetu, Bi Spika. Jina hilo alikuwa nalo kabla ya kifaa chako, kwa kuwa masikio yake yamekufa nusu na anazungumza nasi wote kana kwamba sisi ndio viziwi. Yeye kisanduku chako hakisikii. Alikuja, akasimama kwenye pazia kama anavyosimama siku zote, akapiga salamu yake mwenyewe. Mama, kwa kuwa anajua hali ya masikio yale, huwa hamjibu kwa mdomo tu. Hutoka akamshika bega. Siku hiyo bega halikushikwa.

"Nikatoa ya kwanza, kimya," Bi Spika alinisimulia pale hospitali, na nadhani wodi nzima ilisimuliwa. "Nikatoa ya pili, kimya. Nikatoa ya tatu. Najua, adabu inasema baada ya tatu ugeuke urudi kwako. Nikasema nirudi wapi mimi, na yule mtu hajawahi kuninyima mkono? Nikasema nitaomba msamaha nikishaingia."

Akaingia. Akamkuta sakafuni, midomo inatikisika. Alidhani anakata roho, anatoa shahada. Alipoinama karibu kabisa ndipo akaelewa kwamba anasema wa alaykumu salaam.

Sasa nije kwenye majibu yako.

Ulinitumia ujumbe wa sauti. Ulisema pole, ukasema huo ni mtihani kutoka kwa Mola, ukataja dua ya kumsomea, na hayo yote ni mema na nimemsomea. Kisha ukasema utatuma kifaa cha pili, chenye kamera ya kutazama kitanda chake na spika kubwa zaidi ya kumsomea nyiradi za mgonjwa. Ujumbe ukaishia hapo. Hukupiga simu. Nilipokupigia, ulikata, ukaandika kwamba uko kazini na utarekodi majibu baadaye.

Jioni ileile, nikiwa kwenye benchi la hospitali na mkoba wa Mama mapajani, simu ikanitetemeka. Nikadhani ni wewe. Na kweli ulikuwa wewe: darasa lako fupi la mtandaoni, lile unalolisambazia ukoo mzima na watu wengine wengi, safari hii juu ya tabia za kila siku zinazoleta baraka nyumbani. Ulianza na salamu. Ulisema, kwa sauti ileile ya ukutani, "Nyumba ya mama yangu haipiti saa bila salamu." Watu walikuwa wanakuandikia chini yake wakikuombea dua.

Usiharakishe kujitetea. Najua huenda ulilirekodi kabla ya Jumanne. Hilo ndilo ninalolalamikia. Kila ukisemacho kwetu kimerekodiwa kabla.

Wewe umesoma kwa mashekhe, mimi nimesoma kwa kujalidi. Miaka yote hii hakuna kitabu kilichopita kwenye meza yangu bila kufunguliwa, cha fiqhi, cha tafsiri, cha historia, hata vile vya watu wanaotupinga, maana gundi ikikauka mtu hana kazi nyingine ila kusoma. Nioneshe ukurasa mmoja unaosema baraka inakaa katika mlio. Tumeamrishwa tukisalimiwa tujibu kwa salamu iliyo bora zaidi, au kama hiyo. Amri hiyo ina watu wawili ndani yake. Umemtoa mmoja ukamweka ukutani, halafu unashangaa mwingine akianguka.

Chukua chakula, kwa kuwa nacho ulikigusa katika darasa lile. Ulisema mtu abandike Bismillahi kwenye sahani na juu ya friji. Maswahaba walipolalamika kwamba wanakula hawashibi, Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwauliza kama huenda wanakula kila mtu peke yake. Akawaambia wakusanyike na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, watatiliwa baraka. Wakusanyike kwanza, Kitinda. Hapa karakana tunakula sinia moja, mwenye kazi na mfanyakazi, Sentimita akichora mpaka kwa kijiko ili asivuke upande wa mwenzake. Chakula ni kilekile na hakijawahi kutupungukia. Wewe, mkeo kaniambia na usimlaumu, unakula umesimama kwenye kaunta, vipokea sauti masikioni, unasikiliza mawaidha juu ya adabu za kula.

Na Bismillahi yenyewe. Mama hukunja kila karatasi kwa Bismillahi, kwa sauti ndogo ambayo hata aliyekaa naye haisikii vizuri. Binti yule wa sindano alipokuja kwetu alikuwa anatia uzi huku ananung'unikia tundu. Hakuna aliyemfundisha neno. Siku moja nikamsikia, uzi mdomoni, anasema Bismillahi kabla ya tundu la kwanza. Aliipata kwa kukaa karibu na anayeisema. Hivi ndivyo tabia hizi zinavyohama, kutoka ubavuni kwa mtu kwenda ubavuni kwa mtu. Kisanduku chako kimetuamrisha Bismillahi tangu kilipofika, na sijamwona aliyeanza kuisema kwa ajili yake.

Tena darasa zima hukugusa kuunga udugu hata kwa kidole. Uliahidi watu riziki pana kwa nyiradi, kwa kuamka mapema, kwa mguu wa kulia. Yote sawa, na kuamka mapema nakuunga mkono, kazi yetu safi yote hufanyika kabla jua halijawa kali. Lakini anayetaka riziki ikunjuliwe na umri urefushwe, tumeambiwa waziwazi aunge jamaa zake. Mimi ni mjalidi, najua kuunga. Uzi uliopita upande mmoja tu haujaunga kitu. Ukiuvuta unatoka wote, na karatasi zinabaki kama zilivyokuwa.

Usije ukawaambia watu kwamba dada yako anapinga maendeleo. Nimekwambia kisu chetu ni cha umeme. Redio ya Mama inasoma Qur'ani kila asubuhi naye anaifuatisha, na asiyeielewa furaha ile sina la kumwambia. Redio haijawahi kujifanya mwanawe.

Tuliporudi kutoka hospitali nikaenda moja kwa moja ukutani, nikakibandua kisanduku. Sikumficha Mama. Alikaa kitambo kitandani, akasema, "Mbona kimya leo?"

"Nimemng'oa, Mama."

Mimi mwenyewe nilisema nimemng'oa, siyo nimeking'oa. Alinitazama. "Umemng'oa mwanangu ukutani," akasema, "hata hukuniuliza."

Hakunikemea zaidi ya hapo. Angenikemea ningefurahi, ningejua la kujibu. Aligeuza uso upande wa dirisha, na chakula cha mchana kikarudi kilivyokwenda. Siku iliyofuata akaniomba nikirudishe. Nikakataa, nikamwambia daktari amekataza asiukanyagie mguu, nami namjua, akisikia atanyanyuka. Akasema hatanyanyuka. Sentimita, ambaye tangu siku ile anatembea na huzuni kama mtu aliyekata karatasi kombo, akanishawishi. "Kiweke mezani kwake, dada, akiwa amelala asikie mara moja tu. Mtu anakufa njaa na wewe unamficha sahani."

Nikakiweka. Nikapitisha mkono mbele ya jicho lake. Ukasalimia.

Mama akakaa. Akashusha mguu wa plasta ukingoni mwa kitanda, kana kwamba mgeni amefika na haifai kumpokea umelala. Nikamzuia mabega. Akaanza kujibu kwa ile sauti iliyokwaruzwa, "Wa alaykumu salaam wa..." na kabla hajamaliza, kisanduku kikawa kimeshafika kwenye mguu wa kulia. Akaacha. Nikapitisha mkono tena, kwa kuwa alinionesha nipitishe. Akaanza upesi zaidi. Kikamtangulia tena.

Akarudi kwenye mto. Akasema taratibu, siyo kwangu, ni kama aliyekuwa anawaza kwa sauti, "Hangoji nimalize. Mwanangu hakuwa na haraka hivi. Alikuwa akitoka shule anasimama pale kwenye pazia na mkoba mgongoni, mpaka nimjibu yote, ndipo anaingia kuomba chakula."

Kisha akaniambia, "Kitoe."

Kiko chini ya shinikizo la Baba, kimefungwa kitambaa. Sijakivunja. Ukitaka nikurudishie, nitakurudishia. Lakini ukituma kile cha pili chenye kamera, nakuapia kitarudi huko na stempu zangu bila kufunguliwa.

Sasa sikiliza ninachokitaka, kwa sababu sikuandika haya yote ili nipumue tu. Mama hali vizuri. Mfupa daktari ameufunga, lakini hamu ya kula haimo ndani ya plasta, na kwa umri wake asiyekula hafungi mfupa. Kila simu ikilia chumba cha mbele anainua kichwa. Anasikiliza ni nani. Akisikia nazungumza na mteja, anakirudisha kichwa kwenye mto. Hana anachokuomba. Hajawahi kukuomba, na hilo ndilo linalonichoma zaidi.

Piga simu. Usirekodi, piga. Baada ya Alasiri huwa ameamka, kwa saa za huko ni asubuhi mapema, na wewe mwenyewe ndiye uliyewafundisha watu baraka ya kuamka mapema. Toa salamu, kisha funga mdomo. Usimfundishe mguu, yeye ndiye aliyekufundisha wewe kutembea. Usimsomee dua kabla hajamaliza kukujibu. Atachelewa kidogo, sauti yake imechoka kwa kukujibu wewe. Ngoja. Na likizo yako ikifika, usiniandikie bei ya tiketi na ratiba ya darasa. Njoo usimame kwenye pazia.

Huku habari nyingine ni njema. Pazia tumelifunga kwa kamba pembeni. Mtu akifika anasimama na kutoa salamu yake mwenyewe, hata mteja mgeni, maana Sentimita anamzuia na rula. "Toa salamu ungoje," anamwambia. "Humu ndani kuna mtu." Bi Spika anakuja kila siku, na kwa kuwa Mama hawezi kutoka kumshika bega, anaingia mpaka kitandani na kulileta bega lenyewe.

Msalimie mkeo, mwambie simu yake ya juzi Mama anaisimulia hadi leo. Wabusu watoto vichwani. Sentimita anakusalimia na kusema hana kinyongo na sauti yako, ila hataki tena kuisikia ukutani. Binti wa sindano anakusalimia. Bi Spika anakusalimia, na ukifungua dirisha la huko huenda utamsikia.

Mama naye nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, habari ya mguu au dawa. Akasema hayo niandike mimi. Akaniomba nimwinue, akajifunga mtandio vizuri, akaelekeza uso pale mlangoni. Akasema polepole, kila neno mahali pake, "Assalamu alaykum, mwanangu."

Nikakaa na kalamu juu ya karatasi, nikidhani kuna linalofuata.

"Unaniangalia nini?" akaniambia. "Nimeshatoa. Sasa nangoja."

Mwenyezi Mungu akutilie baraka katika riziki yako, katika wanao na katika ulimi wako, na akuruzuku na masikio. Simu ya Mama iko kando ya mto wake, na nimeipandisha sauti mpaka mwisho.

Dada yako akupendaye, na aliyekukasirikia kwa sababu hiyohiyo,
Dada wa Majalada